Programu ya distro au ya developa mwenyewe? Ulinganisho kwa sisi wa bando na laptopu za zamani

Wakuu habari za baridi. Tangu Windows 10 iachwe bila apdeti Oktoba 2025, laptopu nyingi za huku kwetu zinahamia Linux. Ukipita Mwanjelwa au Kabwe hapa Mbeya mafundi wanaweka Mint na Ubuntu kwenye mashine ambazo Windows 11 imezikataa, na kila anayehamia baada ya muda anauliza kitu kilekile, kwamba programu hii naiona sehemu mbili tatu, ipo ya distro (yani ya hiyo Linux yenyewe uliyowekewa, kama Mint au Ubuntu), ipo ya Flathub (duka la mtandaoni la programu za Linux), ipo kwenye tovuti ya walioitengeneza, sasa nichukue ipi?

Jibu fupi kwa mwenye haraka: mfumo wenyewe na vitu vya kazi za kila siku chukua kwa distro, halafu programu tatu nne tu zile zinazobadilika haraka, au zile ambazo developa wake ametamka wazi kwamba chukueni kwangu, hizo zifuate kwa developa. Lakini usiondoke na hilo fupi peke yake, maana kama hujui kwa nini hawa wawili, distro na developa, wanagombana, siku ukikutana na programu ambayo sijaitaja hapa utachagua kwa kubahatisha.

Wanagombania nini hasa

Developa anaandika programu, anaziweka wazi kodi zake (yale maandishi ya programu yenyewe), na leseni inamruhusu yeyote azichukue na kuzibadili. Watu wa distro, Debian, Ubuntu, Fedora na wengineo, wanazichukua, wanaijenga programu upya kwa ajili ya mfumo wao, wanaweka viraka vyao (marekebisho madogo), wanazima vitu wanavyoona ni hatari au vina shida ya leseni, halafu wanaigandisha hapo. Debian kwa mfano hutoa toleo kila baada ya miaka 2 hivi, la 12 lilitoka Juni 2023 na la 13 Agosti 2025, na hapo katikati programu nyingi hazipandi namba, zinapewa viraka vya usalama na marekebisho ya lazima tu. Ni kazi kubwa mno na wengi wao wanaifanya kwa kujitolea, kwahiyo anayewatukana mimi simuelewi kabisa.

Shida inaanzia kwenye jina. Jina linalobaki kwenye programu ni la developa, lakini iliyo kwenye mashine yako imepita kwenye mikono mingine. Ni kama mkulima wa Umalila anayejaza gunia lake la viazi vizuri kabisa, njiani linafunguliwa na kupangwa upya, halafu mlaji wa Dar akikuta vimeoza anasema viazi vya Mbeya siku hizi havifai. Lawama inapanda mlima hadi kwa mkulima ambaye hajui gunia lilifunguliwa wapi. Madevelopa wengi hawakasiriki kwamba kazi yao imechukuliwa, si waliiachia wenyewe, wanakasirika kuletewa malalamiko ya kasoro ambazo walishazirekebisha miaka miwili iliyopita au ambazo hawakuzitia wao.

Na si ugomvi wa jana. Mwaka 2006 Mozilla waliwaambia Debian kwamba huwezi kutumia jina la Firefox bila nembo yetu na bila sisi kukubali viraka vyako, Debian wakaona masharti hayo hayaendani na misingi yao, wakaibadili jina ikawa Iceweasel, na iliendelea kuitwa hivyo hadi 2016 walipoelewana. Mwaka huohuo 2016 mwandishi wa XScreenSaver, programu ya kufunga skrini, alichoka kupokea ripoti za toleo lililogandishwa na Debian, programu yake ilikuwa inamwonya mtumiaji kwamba toleo hili ni la zamani sana, na kulipokuja mjadala wa kuliondoa onyo lile yeye akasema bora muiondoe programu yangu yote. 2022 wakaja watu wa Bottles, ile ya kuendeshea programu za Windows, wakaziomba distro ziache kuipakia, watu waichukue Flathub basi.

OBS, na vijana wetu wa media

Hii ndo kesi iliyonigusa zaidi kwa sababu huku kwetu OBS, programu ya kurekodi na kurusha video laivu, ndo inarusha ibada. Jumapili makanisa kibao ya Mbeya yako laivu YouTube na Facebook, kamera moja au mbili, mixa, laptopu moja iliyochoka, na kijana anayejitolea ambaye ikikatika anaangaliwa yeye na kanisa zima.

Fedora wana repo (ghala la programu) yao wenyewe ya Flatpak (programu zinazofungashwa pamoja na vitu zinavyovihitaji), tofauti na Flathub ambayo wengi ndo wanaijua, na kwenye duka la programu la Fedora ile ya kwao ndo ilikuwa inatangulia kuonekana. Kwahiyo mtu anatafuta OBS, anabonyeza ya kwanza, akijua amechukua ya wenyewe, kumbe amechukua iliyojengwa na Fedora, ambayo madevelopa wa OBS walisema imejengwa vibaya na kuna vitu havifanyi kazi, na malalamiko yote yanaenda kwa OBS. Wakaomba iondolewe, au basi iandikwe wazi kwamba hii si yetu. Mazungumzo yakaharibika hadi Februari 2025 OBS wakatishia hatua za kisheria juu ya jina na nembo yao. Siku chache baadaye wakakaa, wakaelewana, Fedora wakaiondoa ya kwao.

Lakini Fedora nao walikuwa na hoja, na hapa naomba watu wasome taratibu. OBS ya Flathub, ambayo ndo ya madevelopa wenyewe, wakati ule ilikuwa imekaa juu ya msingi wa KDE, yani maktaba za pamoja ambazo programu inazitegemea, ambao muda wake wa kupewa apdeti ulishaisha, maana yake mashimo ya usalama yakigundulika kwenye ule msingi hakuna wa kuyaziba. OBS wakajibu kwamba wanajua, ila msingi mpya ulikuwa na kasoro ambazo zingewaharibia watumiaji, kwahiyo wakaona bora kusubiri. Mmoja anatanguliza programu ifanye kazi leo, mwingine anatanguliza mfumo mzima uwe salama kesho, na wote wawili wanamfikiria mtumiaji.

Kwa timu ya media mimi nasema chukueni ya developa bila kusita. Laptopu ya kurushia ibada kazi yake ni moja, haifungui viambatanisho vya barua pepe za watu, na kinachotakiwa ni saa nne asubuhi picha na sauti ziende. Ya developa ndo inayojaribiwa na wao wenyewe, na kodeki zake (vitu vya kubania na kufungulia video na sauti) zimekamilika. Fedora kwa sababu za hataza (patent) huwa hawaweki kodeki kadhaa, hilo si uzembe ni sheria za huko waliko, ila wewe wa Soweto au Uyole ndo unayebaki unahangaika na video isiyofunguka.

Ile ya paswedi

KeePassXC ni programu ya kutunzia paswedi, nawapendekezea sana wahasibu wa SACCOS na AMCOS maana daftari la paswedi kwenye droo ni hatari tupu. Mei 2024 mtunzaji wake upande wa Debian, kwenye tawi la majaribio, aliijenga upya akiwa amezima vitu vyote vya mtandao, pamoja na kule kuungana na brauza, na ile kamili akaipa jina jipya la keepassxc-full. Sababu yake ni kwamba programu inayoshika siri zako zote ikiwa na milango michache ndo bora. Madevelopa wakapinga hadharani, wakisema watu wetu wataamka asubuhi brauza haijazi paswedi, watadhani sisi tumeharibu.

Mimi kwenye hoja ya usalama namuelewa yule wa Debian, tena mhasibu anayenakili paswedi kwa mkono hahitaji kingine. Ila kubadili kilichomo huku jina likibaki lilelile, hapo sikubaliani naye. Aliyekuwa anategemea kitu alistahili kubaki nacho na ile iliyopunguzwa ndo ipewe jina jipya. Kwahiyo ukiwa kwenye Debian au jamaa zake angalia umeweka ipi, ukihitaji brauza na repo yako ina ya -full weka hiyo, imeisha, huna haja ya kwenda Flathub kwa hili. Tena ya Flathub kuungana na brauza inasumbua, sababu kila programu imefungiwa isiguse ya mwenzake.

Nani wa kuaminiwa zaidi

Kila upande una doa lake, na kila anayebishana huwa anataja la mwenzake tu.

Doa la distro ni OpenSSL, maktaba ya kutengenezea funguo za siri za mawasiliano. Mwaka 2006 Debian walitoa mistari michache kwenye OpenSSL kwa sababu chombo cha kukagua makosa kilikuwa kinailalamikia, na mistari ile ndo ilikuwa inaleta ubahatishaji kwenye kutengeneza funguo. Matokeo yake kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo kulikuwa na funguo 32,768 tu zinazowezekana, kitu ambacho kompyuta inazijaribu zote ndani ya muda mfupi. Ikagundulika Mei 2008, na funguo zote zilizotengenezwa kwenye Debian na Ubuntu kwa muda ule ikabidi zitupwe. Kiraka kimoja cha nia njema, kimewekwa na mtu ambaye hakuiandika programu.

Doa la upande wa pili ni xz, programu ya kubana mafaili, Machi 2024. Mtu alijijenga ndani ya mradi kwa miaka, akawa mtunzaji mwenza, akapachika mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingilia) kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Yani hapa mshambuliaji ndo alikuwa "developa mwenyewe". Andres Freund, injinia wa Microsoft, aliona tu kwamba kuingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH kumechelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, akaukuta. Ulishaingia kwenye matawi ya majaribio ya Debian na Fedora lakini haukufika Debian thabiti wala Ubuntu LTS (ile inayotunzwa miaka mingi), sababu hizo haziwahi kukimbilia kipya. Ule ukawa ushahidi mzito wa faida ya kuchelewa. Lakini tena, na hii wengi hawaisemi, ule mlango uliifikia SSH kwa sababu baadhi ya distro zilikuwa zimeiwekea SSH kiraka cha kuiunganisha na systemd (kinachoendesha huduma za mfumo), kitu ambacho waandishi wa OpenSSH hawakukiweka.

Ndo maana kwa msingi wa mfumo, yani kernel (kiini cha mfumo), SSH, maktaba za ndani, mimi sitoki kwa distro. Macho yanayopita ni mengi zaidi na hakuna haraka. Kwa programu za juu, za picha, video na ramani, kukosea kwake hakubomoi nyumba nzima.

Ila msidhani kila kilichomo kwenye repo kinaangaliwa sawasawa. Ubuntu wana sehemu inaitwa universe, imebeba programu nyingi sana, na viraka vya usalama vya huko kwa uhakika unavipata ukijiunga na Ubuntu Pro, ambayo kwa mtu binafsi ni bure hadi mashine 5. Jiungeni jamani, wengi hawajui.

Bando

Huko wanakoandika ulinganisho hivi vitu hawavihesabu, sisi ndo vinatuumiza. Programu ya apt (kisakinishi cha Debian, Ubuntu na Mint) inatumia maktaba ambazo tayari zipo kwenye mashine, kwahiyo unapakua kidogo. Flatpak ya kwanza inakuja na msingi wake, hapo mamia ya MB yanaondoka hata kabla ya programu yenyewe, na ukiwa na programu moja ya GNOME na moja ya KDE unashusha misingi miwili, ukiongeza kadi ya NVIDIA kuna kingine tena. Baada ya hapo inatulia, apdeti zinashusha kilichobadilika tu, lakini ile siku ya kwanza ukiwa Tukuyu unatumia hotspoti ya simu utaumia. Na laptopu ya diski ndogo ya GB 64 inajaa upesi sana.

Kwa shule zenye maabara ya kompyuta apt inashinda kwa mbali. Mashine moja inawekwa apt-cacher-ng, zingine zote zinaelekezwa kwake kwenye mlango (port) 3142, ya kwanza ikishapakua programu hizi zingine zinachukua ndani kwa ndani bila kugusa intaneti. Hata bila mtandao kabisa, ukitumia apt-get mafaili ya .deb yanabaki kwenye /var/cache/apt/archives, unayabeba kwenye flashi hadi Makete, unaandika `sudo apt install ./*.deb` kwenye mashine yenye toleo lilelile la mfumo. Flatpak nayo ina `flatpak create-usb` na inafanya kazi, ila maandalizi yake ni marefu kidogo.

Snap, mfumo wa watu wa Ubuntu wa kufungashia programu, niseme haraka. Zinajiapdeti zenyewe, ukae ukijua. Ukitumia hotspoti andika `sudo snap set system refresh.metered=hold`, itaacha kula bando pale mfumo unapoitambua hotspoti kuwa ni mtandao wa kulipia. Ukiwa Ubuntu 22.04 kuja juu, hata ukiandika `apt install firefox` unaletewa snap, na hiyo inatoka kwa Mozilla wenyewe. Mint walizifungia snap tangu Mint 20 ya mwaka 2020. Kwenye duka la Snap wa kumtazama ni mchapishaji, Mei 2018 kuligundulika humo kagemu kalikokuwa kanachimba sarafu za kidijitali kimyakimya. AppImage ni faili moja tu, unaliruhusu liendeshwe unalifungua, nzuri kwa flashi, ila apdeti mara nyingi ni juu yako mwenyewe na kwenye Ubuntu za karibuni inabidi kwanza uweke libfuse2.

Njia ya tatu

Kuna madevelopa wana repo yao ya apt. Mozilla wanayo tangu Firefox 122, Januari 2024, na QGIS, programu ya ramani, wanayo ya Debian na Ubuntu. Unapata vyote viwili, programu mpya ya wenyewe na udogo wa apt. Wanafunzi wa ramani na kilimo, QGIS ya namna hii ndo naipenda kuliko zote, na mwenye Mint 22 ajue imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 kwahiyo jina la kuandika unapoiongeza repo ni noble.

Tahadhari ni moja na ni kubwa. Repo ya apt ukiiongeza umempa mwenye nayo mamlaka yote kwenye mashine, pakeji zake zinawekwa kama root na zinaweza kugusa chochote. Flatpak haiko hivyo. Kwahiyo ongeza repo za miradi inayojulikana tu, usichukue amri ya mtu uliyemkuta YouTube ukaibandika kwenye terminali.

Basi nani achukue nini

Stesheneri ya kuchapa na kutoa kopi: Mint, kila kitu cha distro, LibreOffice, printa, skana. Printa hasa, usiziguse nje ya distro. Kama mnatengeneza kadi za harusi na mabango mchukue GIMP ya Flathub, maana Ubuntu 24.04 na Mint 22 zimebaki na GIMP 2.10 wakati 3.0 ilitoka Machi 2025, na tofauti mtaiona kwenye kazi.

Ofisi ya SACCOS, duka la dawa, popote penye hesabu za watu: Debian thabiti au Ubuntu LTS, cha distro tupu. Hapo hatutafuti vipya.

Chochote kinachoongea na huduma ya nje inayobadilika, mfano yt-dlp ya kushushia masomo ya YouTube, usichukue ya distro thabiti. YouTube wakibadili kitu kidogo ya zamani inakufa siku hiyohiyo na distro haiwezi kukimbia kwa kasi hiyo, na ya distro ule uwezo wa kujiapdeti huwa umezimwa. Chukua ya wenyewe.

Kwenye simu mvutano ni huohuo. F-Droid, duka la programu huria za Android, kwa kawaida wanaijenga programu wenyewe na kuitia saini yao, kwahiyo inachelewa, na huwezi kuweka ya developa juu yake bila kufuta kwanza ya mwanzo. Chagua chanzo kimoja tangu siku ya kwanza.

Kujua uliyonayo imetoka wapi

Andika `apt policy` na jina la programu, utaona namba ya toleo na repo iliyotoka. Kwa Flatpak ni `flatpak list --columns=application,version,origin`, kwa snap ni `snap list`, ina safu ya mchapishaji. Flathub wana alama ya tiki kwa programu zilizothibitishwa kuwa ni za developa mwenyewe, zingine zimepakiwa na watu wa kujitolea tu, na Mint 22 kwa kuanzia inazificha zisizothibitishwa.

Ukishajua, malalamiko yapeleke panapohusika. Kama imetoka repo ya Debian tumia `reportbug`, kama ni Ubuntu andika `ubuntu-bug` na jina la programu, kama ni Flathub yenye tiki nenda kwenye ukurasa wa mradi wenyewe. Kabla ya kumwandikia developa jaribu kwanza kasoro hiyo kwenye toleo lake jipya, AppImage au Flatpak inatosha kwa kujaribu tu, ikionekana na huko mwandikie ukimpa namba ya toleo, jina la distro na umeipata wapi, isipoonekana basi ni ya kupeleka kwa distro.